Intaneti ya laini ya simu inapokatika ovyo mashambani: pa kuanzia kutafuta ubovu

Modemu, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, ikiunganika vizuri siku ya jua na kuanza kukatika kila mvua inaponyesha, usiiguse kompyuta bado. Chukua simu ya kawaida iliyo kwenye laini hiyo hiyo, inua mkonga, bonyeza namba moja tu ili ule mlio wa laini unyamaze, kisha kaa kimya usikilize. Sekunde 10 au 20 zinatosha. Kama unasikia mkwaruzo, mvumo, au "tik, tik, tik" ya mbali, basi modemu nayo inasikia hayo hayo, na inaumia kuliko wewe. Mtu akizungumza anaweza kukisia neno lililomezwa na kelele. Modemu haikisii: kipande cha data kikiharibika hutumwa upya, vikiharibika vingi mno laini inakatwa.

Wengi wanaohangaika na intaneti ya kupiga simu huanzia mahali pasipo na ubovu. Wanafuta programu na kuzisakinisha upya, wanabadili nywila, wananunua modemu mpya, na tatizo linabaki pale pale. Mashambani ubovu mara nyingi uko kwenye waya. Waya nao una sehemu mbili: ile ya ndani ya nyumba, ambayo ni juu yako, na ile ya kutoka ukutani hadi kituo cha simu, ambayo ni juu ya kampuni. Kutafuta ubovu, kwa sehemu kubwa, ni kujua uko upande upi kati ya hizo mbili. Baada ya hapo kuna uamuzi mmoja ambao watu huukataa mpaka wachoke, nao ni kuilazimisha modemu iende polepole. Nitaufikia.

Najua teknolojia hii inaaga. AOL, iliyowahi kuwa kampuni maarufu kuliko zote katika biashara hii, ilifunga huduma yake ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025. Lakini zipo sehemu ambako nguzo za simu zilifika miaka mingi iliyopita na mnara wa simu za mkononi bado haujafika, au uko upande wa pili wa mlima. Aliyebaki na waya wa shaba kama njia yake pekee ya barua pepe anastahili maelezo kamili sawa na mwenye faiba.

Modemu inafanya nini kwenye waya

Laini ya simu ilitengenezwa kubeba sauti ya mtu, yaani masafa ya kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 hivi. Modemu huzigeuza biti za kompyuta, zile 0 na 1 zake, kuwa sauti zinazopita ndani ya dirisha hilo dogo, na modemu ya upande wa pili huzigeuza sauti hizo kuwa biti tena. Ule mchanganyiko wa filimbi na mikwaruzo unaousikia wakati wa kuunganika ni modemu mbili zinazopimana. Mlio mrefu wa hezi 2,100 unaviambia vifaa vya kuzuia mwangwi kwenye mtandao wa simu vikae pembeni. Kisha modemu hutumiana milio ya masafa mbalimbali, kila moja ikiangalia ni yapi yamefika na yapi yamefifia njiani, halafu zinakubaliana kasi.

Makubaliano hayo hufanyika ndani ya sekunde chache, kwa hali ya laini ya dakika ile. Kama kulikuwa kimya, zitachagua kasi ya juu. Dakika 10 baadaye upepo ukivuma na kiungio kilicholegea juu ya nguzo kikaanza kutikisika, kasi ile inakuwa kubwa kuliko inavyobebeka. Modemu husimama na kupimana upya. Utaona data imeganda kwa sekunde kadhaa kisha inaendelea. Zikishindwa kuelewana mara ya pili au ya tatu, moja inakata.

Viwango vya modemu, ambavyo majina yake huanza na V, vilipanda haraka. V.34 ilikuja mwaka 1994 ikiwa na biti 28,800 kwa sekunde, ikafikishwa 33,600 mwaka 1996. Mwaka 1998 ikaja V.90, iliyoahidi 56,000 kwa data inayokuja kwako na kubaki 33,600 kwa inayotoka. V.92 ya mwaka 2000 ikaipandisha ile inayotoka hadi 48,000. Ahadi ya 56,000 ilikuwa na sharti ambalo wauzaji hawakulisema kwa sauti. Kituo cha simu cha kidijitali huichukua sauti yako vipimo 8,000 kila sekunde, kila kipimo biti 8, jumla biti 64,000. Mtoa huduma wa intaneti akiwa ameunganishwa kidijitali moja kwa moja, sauti yake hugeuzwa mara moja tu njiani, pale inapoingia kwenye waya wako wa shaba, na hapo V.90 inawezekana. Njiani kukiwa na ugeuzaji wa pili, V.90 haiwezekani hata kwa modemu ya bei ghali, na modemu zote mbili hurudi kwenye V.34.

Kwa nini mashambani hasa

Umbali ndio mwanzo wa yote. Jozi ya nyaya za shaba zenye unene wa milimita 0.4 ina ukinzani wa karibu omu 280 kwa kila kilomita, kwenda na kurudi. Kilomita 6 au 8 za waya kama huo hufifisha sauti, na hufifisha zaidi masafa ya juu, yale yale ambayo V.90 inayategemea.

Ili watu walio mbali wasikilizane, kampuni za simu tangu zamani zilifunga koili, yaani waya ulioviringwa, kwenye laini ndefu. Zinazotumika sana ni za milihenri 88, moja baada ya kila mita 1,830 hivi. Koili hizo huisawazisha sauti vizuri sana, lakini juu kidogo ya hezi 3,400 hukata masafa kama panga. Kwa hiyo kuna laini ambazo ukipiga simu unamsikia mwenzako kama mko chumba kimoja, na bado modemu haivuki 30,000. Zingatia hilo: sikio ni chombo kizuri cha kugundua kelele, lakini haligundui masafa yaliyokatwa.

Kuna pia matawi yaliyosahauliwa. Nyumba fulani iliwahi kuunganishwa kwenye jozi hiyo hiyo, ikahama, na waya wake ukaachwa ukining'inia kwenye jozi yako. Sauti inayoingia tawini hufika mwisho, inagonga na kurudi kama mwangwi. Halafu kuna kifaa cha kugawa jozi. Nyaya zikipungua kijijini, kampuni huweka kisanduku kinachopitisha laini mbili au zaidi kwenye jozi moja kwa kuzigeuza kuwa za kidijitali na kuzirudisha tena. Huo ndio ugeuzaji wa pili niliousema.

Dalili ya kifaa hicho ni rahisi kuiona: modemu huunganika kwa 26,400 au 28,800, leo, kesho na mwezi ujao, mvua isinyeshe au inyeshe. Hapa pana kanuni inayookoa muda mwingi. Kasi ndogo isiyobadilika mara nyingi ni umbile la laini yenyewe. Kasi inayopanda na kushuka, leo 44,000, jioni 19,200, kesho haiunganiki kabisa, ni ugonjwa, na ugonjwa unatafutwa ukatibiwa.

Kila kelele na chanzo chake

Rudi kwenye mkonga wa simu. Mkwaruzo unaofanana na mafuta yakikaanga, unaoanza saa chache baada ya mvua na kupungua jua likikaa siku moja au mbili, ni maji ndani ya kiungio au ndani ya kebo iliyochubuka. Mkwaruzo wa ghafla unaokuja na upepo ni waya uliolegea. Mkwaruzo usiojali hali ya hewa, wa siku zote, mara nyingi ni kutu mahali nyaya zilipounganishwa, na huu una tabia ya ajabu inayowachanganya watu. Simu ikiita, umeme wa kuitia, ambao ni volti 90 hivi, hupita kwenye ile kutu na kuitoboa kidogo. Ukiinua mkonga baada ya hapo, laini ni safi. Unamwita fundi, fundi anakupigia simu kuuliza kama upo, simu inaita, kelele inapotea, anafika na kupima laini nzima kabisa, anaondoka. Jioni kelele imerudi. Ukiona laini yako inapona kila inapoita, mwambie fundi jambo hilo kwa maneno hayo hayo. Fundi mzoefu atajua mara moja kuwa anatafuta kiungio chenye kutu.

Mvumo mzito wa mfululizo hutokana na umeme wa majumbani, wa hezi 50 au 60. Jozi ya simu husokotwa pamoja ili umeme unaoigusa uguse nyaya zote mbili sawasawa na kujifuta wenyewe. Mvumo ukisikika, usawa huo umepotea: waya mmoja unavuja kwenda ardhini, au kuna kifaa ndani ya nyumba, kama mashine ya faksi au simu isiyo na waya, kinachoingiza umeme wa adapta yake kwenye laini. Ukisikia redio, waya wako wa ndani unafanya kazi ya antena. Ukisikia mazungumzo ya watu wengine, ngozi ya nyaya imechakaa au imelowa mahali fulani na jozi mbili zinagusana.

Ile "tik" ya kila sekunde moja hivi, iliyo sawasawa kama saa ya ukutani, ni ya mashambani kabisa. Ni uzio wa umeme wa mifugo. Mashine ya uzio hutuma pigo la volti elfu kadhaa, fupi sana, karibu kila sekunde. Uzio ukiwa mzima pigo hilo halimsumbui mtu. Nyasi zikiota hadi kugusa waya, au kihami, kile kishikio kinachotenga waya na nguzo, kikipasuka, umeme unavuja ardhini, na ardhi inaupeleka kwenye laini ya simu iliyopita karibu. Kwenye simu ya sauti ni usumbufu mdogo tu. Kwa modemu ni pigo moja kila sekunde, mchana na usiku. Kujaribu ni rahisi: mtu mmoja asikilize simu, mwingine azime mashine ya uzio. Tik ikinyamaza, umempata. Fyeka nyasi, badilisha vihami vibovu, na angalia vyuma vya ardhi vya mashine viko wapi. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi kinataka viwe angalau mita 10 kutoka vyuma vya ardhi vya mfumo wa simu au wa umeme wa nyumba. Uzio usipite sambamba chini ya waya wa simu kwa mwendo mrefu. Na uzio si lazima uwe wako. Wa jirani aliye mbali nao unaweza kukufikia ukisafiri na laini.

Gawa laini vipande viwili

Mahali waya wa kampuni unapoingia kwenye nyumba huwa kuna kisanduku, nje ukutani au ndani karibu na mlango. Vingi vina soketi ya kupimia ndani yake. Ukichomeka kitu hapo, waya wote wa ndani ya nyumba unatengwa. Pale ambapo hakuna soketi hiyo, nyaya za ndani zinaweza kufunguliwa kwa bisibisi na kuachwa wazi. Usifanye hivyo mawingu ya radi yakiwa yametanda, na usizishike nyaya kwa vidole vilivyolowa, kwa sababu simu ikiita wakati huo zile volti 90 utazihisi.

Chukua simu moja ya kawaida, ya waya, isiyohitaji adapta ya umeme. Ichomeke pale kwenye kisanduku na usikilize kama mwanzo. Kama kelele bado ipo, ubovu uko nje. Kazi yako imebaki kuripoti. Kama laini ni kimya kabisa, kelele iko ndani ya nyumba na kampuni haitaiondoa bila malipo. Ubovu ukiwa wa kuja na kuondoka, rudia jaribio hili kelele ikiwa ipo. Jaribio la siku ya jua halisemi lolote kuhusu siku ya mvua.

Ningeshauri ulifanye kwa modemu pia, hata kama unabeba kompyuta hadi nje na kuiweka juu ya kiti. Unganika mara tano kutoka kwenye kisanduku, andika kasi ya kila mara. Rudi ndani, unganika mara tano kutoka kwenye soketi ya kawaida, andika. Namba hizo kumi zitakuambia mengi kuliko wiki ya kubahatisha.

Ubovu ukiwa ndani, chomoa kila kitu kilichoko kwenye laini: simu za vyumbani, faksi, mashine ya kupokea ujumbe, king'ora cha wezi, king'amuzi cha setilaiti kilichounganishwa na simu, na hata vile vilinda radi vya bei nafuu, ambavyo vikishapigwa mara kadhaa huanza kuvuja. Acha modemu peke yake. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja, siku moja kwa kimoja kama una subira, mpaka kinacholeta shida kijulikane. Mara nyingi mwenye hatia ni kifaa ambacho hakuna aliyekikumbuka.

Angalia pia waya unaotoka ukutani hadi kwenye modemu. Zile nyaya bapa, ndefu, za mita 10 au 15, zinazopitishwa chini ya zulia na kukanyagwa, hazijasokotwa, kwa hiyo hazina ile kinga ya kujifuta kelele. Waya mfupi wa kusokotwa kutoka kwenye kisanduku moja kwa moja hadi kwenye modemu, usiopita kando ya nyaya za umeme, umewahi kutuliza laini ambazo wenyewe walishazikatia tamaa.

Na kuna mambo mawili ambayo si kelele lakini hukata. La kwanza ni mtu kuinua simu ya chumba kingine. La pili ni huduma ya simu inayosubiri: mtu akikupigia ukiwa kwenye intaneti, kituo hukatiza laini kidogo na kupiga mlio, na modemu inadhani mwenzake ameondoka. Huduma hiyo huzimwa kwa msimbo kabla ya namba ya mtoa huduma. Amerika ya Kaskazini ni *70. Uingereza na mitandao mingi ya Ulaya ni #43#, ambao huizima moja kwa moja hadi uiwashe tena. Ukiiweka *70 kwenye namba inayopigwa na modemu, ifuate kwa alama ya mkato (,): kila mkato ni kusubiri kwa sekunde 2 hivi.

Sasa modemu yenyewe

Kwanza, usidanganywe na namba. Kompyuta ikikuonyesha "115,200", hiyo ni kasi kati ya kompyuta na modemu, sentimita chache za waya. Haina uhusiano na laini. Tafuta kwenye kumbukumbu za modemu ile kasi iliyokubaliwa na modemu mbili. Modemu nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea hutoa ripoti ya simu iliyopita kwa amri AT#UD. Nyingine kwa ATI6 au ATI11. Humo utaona kasi ya mwanzo, kasi ya mwisho, mara ngapi zilipimana upya, na sababu ya kukata.

Uamuzi niliouahidi ni huu. Tuseme modemu yako huunganika kwa 45,333 lakini hukatika karibu kila dakika 20, na unataka faili la megabaiti 10. Kwa kasi hiyo faili linahitaji dakika 29. Hutalipata, kwa sababu kila mara utakatika kabla ya kumaliza. Ukiilazimisha ishuke hadi 26,400, faili litachukua dakika 50, na litafika. Kasi ndogo huacha nafasi kubwa kati ya sauti ya data na kelele ya laini, kwa hiyo pigo la uzio au mtikisiko wa kiungio haliiondoi modemu njiani. Kwa modemu nyingi amri ni AT+MS=V34, ambayo inazuia V.90 na kuiacha V.34 peke yake. Inaandikwa kwenye nafasi ya amri za ziada katika mipangilio ya modemu. Modemu za watengenezaji wengine zina amri tofauti, hivyo mwongozo wa modemu yako ndio wa mwisho kuamua. Watu huona uchungu kununua modemu ya 56,000 na kuifunga kwenye nusu yake. Mimi naona uchungu zaidi kumwona mtu akianza upakuaji ule ule kwa mara ya sita.

Amri nyingine inayosaidia ni S10. Inaamua modemu ivumilie muda gani baada ya kupoteza sauti ya mwenzake kabla ya kukata, kwa sehemu za kumi za sekunde. Kawaida huwa 14 au 20, yaani chini ya sekunde 2 au sekunde 2 kamili. ATS10=50 inaifanya ivumilie sekunde 5, muda unaotosha kupita mkwaruzo mmoja mrefu. Kama modemu inalalamika kuwa hakuna mlio wa laini wakati sikio lako linausikia, huenda mlio wa kituo chenu ni wa aina isiyouzoea. ATX3 inaiambia ipige bila kuusubiri.

Aina ya modemu nayo ina uzito. Zile za bei nafuu zilizofungwa ndani ya kompyuta huiachia programu kazi kubwa ya kuchambua sauti. Kompyuta ikilemewa, tuseme inachunguza virusi, uchambuzi unachelewa na laini inakatika, na kosa linaonekana kama la waya. Modemu ya nje inayojitegemea, yenye adapta yake na taa zake, huvumilia laini mbovu vizuri zaidi.

Halafu kuna modemu iliyojeruhiwa na radi. Laini ndefu ya mashambani ni antena ya radi, na si kila pigo huua. Modemu inaweza kubaki inapiga namba na kutoa milio yake yote, lakini sehemu yake ya kupokea imeharibika nusu, kwa hiyo inasikia vibaya. Kama matatizo yalianza siku ya dhoruba na laini ni kimya kwenye kisanduku, azima modemu nyingine ujaribu kabla ya kufanya lolote. Na tangu siku hiyo, mawingu yakikusanyika, chomoa waya wa simu na wa umeme vyote viwili.

Ubovu ukiwa kwa mtoa huduma

Angalia saa. Ukikatika kila mara baada ya muda ule ule, dakika 20 za kutofanya kitu, au saa 4 kamili tangu uunganike, hiyo ni kanuni iliyowekwa na mtoa huduma. Kelele haijui saa. Jaribu pia namba nyingine ya kupigia kama ipo: laini ikiwa mbaya kwa namba moja na nzuri kwa nyingine, waya wako hauna kosa.

Misimbo ya makosa ya Windows husaidia kupunguza mahali pa kutafuta. 680 ni kukosekana kwa mlio wa laini, 676 namba inatumika, 678 hakuna aliyejibu. Hayo yote ni ya simu. 691 ni jina au nywila. 718 na 720 huja baada ya modemu kuelewana, mashine mbili zikishindwa kukubaliana jinsi ya kuzungumza. Ukiyaona mara chache chache kwenye laini yenye kelele, chanzo huenda ni kelele, na ukiyaona kila mara, ni mipangilio. 629 ni upande wa pili kukata, na kwa peke yake haisemi kwa nini.

Kuna sababu mpya inayozidi kuenea, na haina dawa ndani ya nyumba. Kampuni nyingi zinahamisha simu za mezani kwenye mitandao ya intaneti, na mashambani nyingine hutoa "simu ya mezani" ambayo kwa kweli ni simu ya mkononi yenye umbo la simu ya mezani. Mitandao hiyo hubana sauti kwa kutupa kile ambacho sikio la mtu halitakikosa, na modemu inakihitaji chote. Hata pale sauti isipobanwa, pakiti chache zikipotea njiani mtu hatambui, na modemu inakatika. Kama laini ilifanya kazi miaka mingi na ikaharibika ghafla siku kampuni ilipobadilisha mitambo, kuanzia siku hiyo hiyo, mvua au jua, uliza kama laini yako bado ni ya shaba hadi kituoni.

Wakati unasubiri kutengenezewa, tumia programu ya kupakua inayoweza kuendelea pale ilipoishia, maana kukatika kutatokea tu. Zima masasisho ya kujiendesha. 26,400 ni baiti 3,300 kwa sekunde, megabaiti moja kila dakika 5, na sasisho moja la siri linaweza kuimeza laini yote mpaka uamini imekufa. Zima picha kwenye kivinjari. Barua pepe zipakuliwe zote, zisomwe na kujibiwa laini ikiwa imefungwa.

Kuripoti

Ukipiga simu kwa kampuni usianze na modemu. Kampuni nyingi zinajifunga kwa huduma ya sauti tu, na ukitaja intaneti utaambiwa uzungumze na mtoa huduma wako. Sema laini ina kelele kwenye simu ya kawaida, umeipima kwenye kisanduku na waya wa ndani ukiwa umetengwa, na kelele bado ipo. Sentensi hiyo inawafungia majibu mepesi. Kama koili au kifaa cha kugawa jozi ndicho unachokishuku, uliza waziwazi kama kipo kwenye laini yako na kama kuna jozi nyingine tupu wanayoweza kukuhamishia. Hawalazimiki kila mahali, lakini jozi tupu ikiwepo, fundi mwenye moyo huweza kuhamisha siku hiyo hiyo.

Weka daftari karibu na modemu. Andika tarehe, saa, kasi, dakika ulizokaa kabla ya kukatika, hali ya hewa, na kelele uliyoisikia. Wiki mbili zinatosha. Kurasa hizo zikionyesha kwamba kila mvua inafuatwa na siku mbili za 19,200 na mkwaruzo, omba fundi aje kukiwa bado kumelowa, na akifika mwombe asikilize kwenye kisanduku kabla hajaipigia laini hiyo simu.